Wafu wa Kamusi ya Mume Wangu

Wanawake wenzangu walilalamika kwamba waume zao wana nyumba ndogo. Wa kwangu alikuwa na Waingereza waliokufa. Akitoka shuleni, kabla hata hajavua viatu, anafungua kompyuta yake iliyopasuka kioo pembeni, anachomeka modemu, anaining'iniza dirishani kwa uzi ili ishike mtandao, halafu anakaa. Ukimwita anaitika "naam," lakini hayupo. Yuko na watu wa miaka mia nne iliyopita, na wengi wao wanauana.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana kila ninayemsimulia hanielewi. Kuna kamusi ya Kiingereza iko mtandaoni, inaandikwa na yeyote mwenye subira ya kukaa. Humo haitoshi kusema neno fulani maana yake hii. Lazima uonyeshe mtu aliyelitumia kweli, katika maandishi yaliyochapwa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na katika vitabu vyote vya dunia yeye akachagua michezo ya kuigiza ya zamani, ya enzi ambazo Waingereza walitembea na panga kiunoni. Anatafuta picha za kurasa za kitabu chenyewe cha wakati ule, anasoma mstari kwa mstari, na akikuta neno ambalo siku hizi halisemwi tena, anainakili sentensi nzima. Chini yake anaandika nani katunga, mwaka gani, mchezo gani, ukurasa gani, na pale jukwaani nani anasema. Hapo ndipo anapopumua.

Mwanzoni alikuwa anawasahihisha. Ualimu ule, si unajua tena. Akiona sentensi imekaa upande anainyoosha. Basi huko mtandaoni kulikuwa na mtu, hatukujua wa nchi gani, anapita nyuma yake na kufuta. Siku moja alikuta kazi yake ya wiki nzima haipo, na pameachwa ujumbe mfupi wa adabu: tafadhali usibadilishe maneno ya msemaji. Chakula hakikupita siku ile. Mimi nilimcheka, nikamwambia mwalimu leo umechapwa fimbo na mtu usiyemjua. Lakini lilimwingia. Tangu hapo hakugusa tena neno la mtu. Hata ukimtuma dukani aseme chumvi ya jana ilikuwa na mchanga kama ya kujengea, anakwenda kumwambia mwenye duka hivyohivyo, neno kwa neno, na sauti yangu ndani yake. Nilishagombana na mwenye duka mara kadhaa kwa ajili hiyo.

Hayo yalikuwa Mafia, katika kijiji cha kusini kinachotazama Juani, miaka ambayo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshawekwa na watu wameshachoka kubishana nayo. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati. Wote wawili ni watu wa bara, Wakristo, tuliopelekwa pale na kazi. Tulipanga chumba na sebule, na ukuta wetu mmoja ulikuwa ukuta wa jirani yetu, mwanamke mkulima wa mwani, mwenyeji hasa, aliyezaliwa kijiji cha Kanga, kaskazini, akaolewa pale kijijini.

Tulikuwa rika moja, tukaitana shoga. Alikuwa na namna yake ya kusema ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kwake kila kitu kilikuwa kinakohoa. Jenereta ya dukani inakohoa, mlango wetu unakohoa, redio ikikwama imekohoa. Mtoto akianza kutambaa, atasema huyu keshakohoa. Kijiji kizima kilikuwa kinamtania. Watoto wakimwona anapita wanajikohoza, naye anawafukuza kwa ncha ya kanga huku anacheka.

Alasiri, akishamaliza kazi zake, alikuja kukaa kizingitini kwetu na sinia lake la muhogo. Anamenya, na kabla ya salamu kwisha anauliza, "Mwalimu, leo kafa nani?" Mume wangu alikuwa anaipenda hiyo. Anageuza kiti, anamsimulia. Malkia katiwa sumu, ndugu kamchoma ndugu yake kisu, mzimu umekuja kudai haki. Shoga yangu alisikiliza kama anavyosikiliza habari za mtaa wa pili, anauliza huyo mama yake alikuwa wapi, mbona hawakumwita shekhe. Siku moja akasimuliwa mtumishi aliyemwona tajiri wake akitia kitu kwenye kikombe cha mgeni. Mtumishi akamwambia rafiki yake, rafiki akaenda kusema, na mtumishi akakatwa ulimi kabla ya kuuawa. Shoga yangu akaacha kumenya. Akasema basi huyo hakuuawa na tajiri, kauawa na rafiki. Halafu akaendelea na muhogo wake, na hakuuliza tena habari ya mchezo ule.

Baruti zilikuwa zimerudi. Unakuwa ndani, mara vyombo vinatikisika kabatini, kisha kimya. Watu wanajaza baruti kwenye chupa, wanawasha, wanarusha kwenye mwamba, na samaki wanaelea. Askari wa hifadhi walikuja kuuliza, na hakuna aliyeona. Ukiuliza, kila mtu anaangalia miguu yake. Mimi wa bara nilidhani ni ujinga. Nilikuwa bado sijajua kwamba wote walikuwa wameona.

Siku ya bamvua, maji yanapokupwa mpaka wanawake wanatembea mbali sana kwenye mashamba yao ya mwani, shoga yangu alirudi kabla ya wenzake. Kanga imelowa mpaka kifuani. Hakuuliza kafa nani. Alikaa kizingitini, akatazama nje, akasema, na mume wangu yuko pale dirishani na kompyuta yake:

"Nilikuwa nafunga kamba zangu, maji yamekupwa mpaka nyasi zimelala. Nikamwona kasimama omoni, karusha, na bahari ikakohoa."

Omo ni mbele ya chombo, mbele kabisa inapokata maji. Neno hilo alikuwa ametufundisha yeye. Huyo aliyemwona hakumtaja. Aligeuza tu uso kuelekea upande wa pili, nyumba inayofuata baada ya yake, na sisi tukajua. Ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Mashua ni yake, mumewe anafanya kazi humo, na hata ile nyumba anayolala shoga yangu ni ya huyo shemeji. Tena mtu wa kusalimia vizuri. Akikukuta njiani anasimama, anaweka mkono kifuani, anakuuliza habari za nyumbani kwenu bara mpaka unaona haya.

Shoga yangu akatuambia: huyo akijua kuwa ameonwa, mimi sina nyumba, na kukosa nyumba ndiko kutakuwa nafuu yangu. Limetoka kwangu, liishie kwenu. Tukamwahidi. Mume wangu aliinua na mkono kabisa, kama mtu anayeapa.

Na angenyamaza, namjua. Lakini baada ya muda zahanati ikaletewa kijana, mwanafunzi wake wa kidato cha pili, mkono umefungwa kwa shuka. Nilipoifungua shuka sikukuta vidole. Waliomleta walisema jiko la mafuta limelipuka, na hakuna hata mmoja aliyenitazama machoni aliposema hivyo. Nilifanya nilichoweza, nikampeleka hospitali Kilindoni. Yule kijana alikuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Mume wangu alirudi nyumbani siku ile na daftari zake za kusahihisha, hakufungua hata moja.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Alikuja ofisa wa hifadhi, mtu mpole, akaongea vizuri. Akasema mwenye habari amwone faragha, si pale, na kwamba pale mkutanoni hataki kusikia jina la mtu. Alilirudia hilo ili kila mtu asikie. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, shoga yangu ubavuni kwangu, mkono wake uko gotini kwangu kwa sababu tulikuwa tumetoka kucheka kitu. Nikamwona mume wangu anasimama kwenye upande wa wanaume. Nikajiambia anakwenda kuuliza swali. Akasema, "Sitamtaja mtu. Nitasema tu kama nilivyosikia."

Na akasema. Kamba, maji yamekupwa mpaka nyasi zimelala, kasimama omoni, karusha, na bahari ikakohoa. Yote. Hata pale shoga yangu aliposhusha pumzi kabla ya kuitaja bahari, na yeye akashusha.

Ule mkono ukaondoka gotini kwangu. Ni hilo tu lililotokea. Hakuna aliyegeuka kumtazama shoga yangu, na hapo ndipo nilipoogopa. Maneno yangekuwa hayana mwenyewe, watu wangeangaliana, wangeulizana. Wote walitazama mbele, wanaume kwa wanawake. Shemeji mtu alikuwa amesimama karibu na nguzo ya bendera. Alivua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena.

Nyumbani nilimfungulia mdomo mume wangu kwa yote aliyowahi kunifanyia tangu tuoane. Akasema sikutaja jina. Nikamwambia afadhali ungetaja jina, watu wangesema umezua. Nikamuuliza, hukuweza kusema tu kwamba kuna mtu ameonekana anapiga baruti? Ingekugharimu nini? Alinitazama kama nimemwambia aibe. Akasema hayo yangekuwa maneno yangu, si ya aliyeona. Mimi nilienda dirishani, nikaichomoa ile modemu yake na uzi wake, nikaizika ndani ya ndoo ya unga. Hakuitafuta.

Baadaye nikasikia hodi. Shemeji mtu yuko mlangoni, mkono kifuani, ameshika samaki, changu mkubwa, aliyetungwa kwa ukili wa ukindu. Akaniuliza hali ya wagonjwa wangu, akaniuliza kama mvua imeshanyesha kwetu bara. Akasema samaki huyu ni wa mwalimu, maana amesikia mwalimu siku hizi anapenda mambo ya bahari. Nikapokea, nikashukuru, ningefanyaje. Nikakaa nyuma ya nyumba kumsafisha. Nje alikuwa mzuri, magamba yote yapo, jicho linang'aa, hana alama ya ndoana wala ya wavu. Nilipompasua, tumbo zima lilikuwa damu iliyoganda, na uti wa mgongo umekatika. Samaki wa baruti ndivyo alivyo. Nilichimba shimo pale pale nikamfukia, na nilipoinua kichwa nilimwona shemeji mtu amesimama mlangoni kwake, ananitazama. Akaweka mkono kifuani.

Bamvua lililofuata wanawake walikwenda mashambani. Mashamba ya wenzake yalikuwa vilevile. La shoga yangu vilibaki vigingi tu, vimesimama safu kwa safu, kamba zote zimekatwa na mwani wote umechukuliwa na maji. Nilisimuliwa na mwenzake aliyekuja zahanati na homa ya mtoto. Nikamuuliza mlimsaidia kufunga upya? Akajifanya anamfuta mtoto kamasi. Mumewe akaanza kula kwa kaka yake. Chakula alichompikia mkewe kilibaki chini ya kawa mpaka jioni, kisha unasikia sufuria linakwanguliwa kwa mbwa. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, na kwa kuwa tulikuwa tumezoea kumsikia akicheka, sasa tulisikia kila asichosema.

Nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za kazi, akaniitikia vizuri kila nililosema. Hakuniita shoga. Niliomba radhi kwa ajili yangu na ya mume wangu, akasema yameshapita. Nilirudi kwangu nikalia kama niliyetoka msibani.

Halafu alasiri moja akaja, akakaa mahali pake kizingitini. Hana sinia. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta iliyofungwa. Shoga yangu akamuuliza, taratibu kabisa:

"Mwalimu, hao watu wako wa kwenye kamusi. Yupo hata mmoja aliye hai?"

Mume wangu akasema hapana, wote wamekufa zamani.

"Mimi sijafa," akasema.

Akainuka, akaenda zake. Nilimwonea huruma mume wangu na nilimchukia, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Ndipo alipoamua kufuta. Katika kamusi yao, ukikosea unarudi, unaondoa ulichoweka. Akaniambia mkutano ujao atasimama aseme yale maneno hayakuwa ya mtu, ni yake mwenyewe, aliyaona yeye kwa macho yake akitembea ufukweni. Nikamwambia hawatakuamini. Akasema itabidi waamini, kwa sababu hawatakuwa na kingine cha kushika. Mimi nilijua anachokwenda kufanya. Alishanieleza mara nyingi kwamba katika kazi yao kuna dhambi moja isiyosameheka, nayo ni kutunga mfano wako mwenyewe ukasema ni wa kweli, au kuchukua maneno ya mwingine ukayaita yako. Alikuwa anakwenda kufanya zote mbili mbele ya kijiji kizima. Siku hiyo alipiga pasi shati lake jeupe yeye mwenyewe, akavaa kama mtu anayekwenda kubatizwa.

Mkutano ulikuwa wa tangi la maji la zahanati. Walipofika kwenye mengineyo, akanyoosha mkono. Akasema aliyoniambia, kwa sauti ya darasani, kila neno. Hakuambiwa na mtu. Aliona mwenyewe. Kama kuna mwenye hasira, hasira hiyo imwendee yeye. Mwenyekiti alitazama karatasi zake. Shemeji mtu akaomba ruhusa, akapewa. Hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa na ile sauti yake ya kuuliza habari za mvua. Akaonyesha mashua iliyolala ubavu pale ufukweni, chini ya uwanja wa shule, akamwomba mwalimu, kama hatajali, awaonyeshe watu omo iko wapi.

Mume wangu akaonyesha. Alionyesha sawasawa, mbele kabisa inapokata maji.

"Maashallah," akasema shemeji mtu. "Umefundishwa vizuri, mwalimu. Na nani?"

Mume wangu, ambaye miaka yake yote aliuuliza swali hilo kila mstari uliopita mbele yake, nani kasema, wapi, lini, alifungua mdomo akaufunga. Mimi nilitaka kusema, "Na mimi, mkewe." Lakini mimi wa bara kama yeye. Nami ningeulizwa hivyohivyo. Kamba ya bendera ilikuwa inagonga nguzo.

Safu ya mbele yangu, shoga yangu akasimama. Alijitanda kanga upya, bila haraka.

"Na mimi, shemeji. Nimesema mimi, nyumbani kwa nesi, siku ya bamvua, nimetoka shambani. Na niliyemwona ni wewe."

Akakaa. Mwenyekiti akafunga mkutano, na watu wakaondoka bila kuagana, kila mtu na mkeka wake.

Wiki ile haikwisha mumewe akampakia kwenye pikapu na vitu vyake, akamrudisha kwao Kanga, na talaka ikamfuata. Alipita mbele ya mlango wetu amekaa nyuma juu ya godoro lake. Nilitoka mbio nikasimama, nikanyoosha mkono. Alinitazama vizuri tu, kama unavyomtazama mtu mnayejuana. Askari wa hifadhi walipokuja kumpekua, shemeji mtu hakukutwa na kitu, wala mashuani wala nyumbani. Bahari ilinyamaza kwa muda, kisha vyombo vikaanza tena kutikisika kabatini, na tulipokutana naye njiani aliendelea kusimama na kuweka mkono kifuani.

Nilikwenda Kanga kumtafuta shoga yangu. Wakaniambia ameondoka. Wapi, hawakujua, au hawakutaka kujua. Nilituma salamu kwa kila niliyemfahamu, na kila nilipouliza niliambiwa kuna mwingine amekwisha kumuulizia kabla yangu, mwanamume mmoja wa adabu sana. Nilipolisikia hilo kwa mara nyingine niliacha kuuliza. Tuliomba uhamisho, tukaupata, tukarudi bara. Modemu niliitoa kwenye unga mwenyewe. Mume wangu amerudi kwenye kamusi yake, na sasa kabla hajanakili mstari wowote anaangalia kwanza mtunzi alikufa mwaka gani, ingawa anajua kabisa kwamba wote wamekufa.

Haya nimeyaandika bila jina la mtu wala la kijiji chetu. Na kwao shoga yangu si huko nilikosema. Na hilo la kukohoa si lake. Neno lake lilikuwa jingine, zuri zaidi, na sitaliandika popote maadamu sijui yuko wapi. Nilihangaika sana kupata la kuweka badala yake. Aliyenitafutia ni mume wangu, alikaa nalo siku nyingi, akaja nalo jikoni, akaniambia weka hili. Nikamuuliza kama ana hakika, maana ni kubadilisha maneno ya msemaji. Akasema badilisha. Yule shemeji yu hai, na anajua kusoma.